Uchambuzi wa kisa: seva ya databesi iliyokuwa inaamka vibaya kila asubuhi

Jina la kampuni, majina ya watu na aina ya biashara vimetolewa humu, na baadhi ya namba zimekatwa zikawa za mviringo ili hesabu ifuatike kirahisi. Kilichobaki ni mashine yenyewe na maamuzi yaliyofanyika juu yake.

## Usuli

Seva ni moja, Linux, RAM 64 GB, diski za SSD, PostgreSQL 15, data jumla kama 700 GB. Databesi inakaa peke yake pale, hamna kitu kingine kizito zaidi ya wakala wa kufuatilia afya ya mashine, pamoja na skripti ya bakapu ambayo kila usiku inasoma mafaili yote ya data na kuyapeleka seva nyingine. Swapu, yaani sehemu ya diski ambako keneli (kiini cha Linux) inahamishia vilivyomo RAM visivyoguswa, ilikuwa 8 GB. Setingi za keneli hazikuwahi kuguswa toka mashine isimikwe, kwa hiyo vm.swappiness (utayari wa keneli kutumia swapu) ilikuwa 60 kama inavyokuja, vm.overcommit_memory (jinsi keneli inavyoahidi kumbukumbu kwa programu) ilikuwa 0 kama inavyokuja, na kurasa kubwa (kumbukumbu hugawanywa vipande viitwavyo kurasa, kwa kawaida vya 4 KB) hazikutengwa hata moja.

Upande wa Postgres walikuwa wameshapanga kidogo: shared_buffers (kashe ya databesi, yaani nakala za data zinazokaa RAM ili zisisomwe diski kila mara) 16 GB, ile robo ya RAM ambayo karibu kila mtu anaanzia, work_mem, kumbukumbu ya kupanga na kuunganisha data ndani ya ulizo, wameipandisha toka 4 MB ya kiwandani mpaka 64 MB kwa sababu ripoti zilikuwa zinamwaga mafaili ya muda kwenye diski, na max_connections, idadi ya juu ya koneksheni zinazoruhusiwa, 500. Hiyo 500 haikuwa na hesabu yoyote nyuma yake, kila seva ya programu ilikuwa inaweka akiba yake ya koneksheni, seva za programu zikaongezeka, koneksheni zikaisha, mtu akapandisha namba, maisha yakaendelea. Kwa kawaida koneksheni kama 300 zilikuwa wazi muda wote, nyingi zimekaa tu hazifanyi kitu.

## Kilichotokea

Malalamiko yalianza kuwa ya asubuhi. Saa ya kwanza ya kazi programu inasuasua, maulizo ambayo siku zote yanajibu ndani ya milisekunde chache yanachukua sekunde mbili tatu, halafu kadiri saa zinavyosogea mambo yanajinyoosha yenyewe bila mtu kugusa kitu, na mchana ukiuliza unaambiwa mbona iko poa. Tatizo la namna hii ni baya kwa sababu linaondoka kabla hujamaliza kulichunguza, na linawapa watu nafasi ya kusema labda ni mtandao.

Walipoangalia grafu wakaona swapu imetumika 7 GB kati ya 8. Hapohapo swapu ikawa mshitakiwa. Kilichowachanganya ni kwamba amri ya free -h ilikuwa inaonesha kumbukumbu inayopatikana bado ni zaidi ya 20 GB, sasa swapu inajaa ya nini wakati RAM ipo? Adimini mmoja akapiga hesabu nzuri tu, akapita kwenye /proc (mafaili ya keneli yenye habari za kila prosesi, yaani programu inayotembea) akajumlisha mstari wa VmSwap, kiasi ambacho prosesi inacho kwenye swapu, akapata haifiki hata 1 GB. Swapu inasema 7, prosesi zote pamoja zinasema 1, hizo 6 ziko wapi? Swali zuri sana lile, ndo lilikuwa mlango wa kesi nzima, ila siku ile halikufuatwa. Wakahitimisha kwamba ni mabaki tu, keneli ina tabia zake.

Uamuzi ukawa kuzima swapu, swapoff -a, na mstari wake kwenye fstab, faili linalosomwa mashine inapowaka, ukawekewa alama ya reli (#) ili urukwe. Amri ilichukua muda mrefu kuliko walivyotegemea maana ikabidi kila kilichokuwa diski kirudishwe RAM kwanza, lakini ikaisha, na asubuhi iliyofuata mfumo ukawa unakimbia. Asubuhi ya pili hivyo hivyo. Tiketi ikafungwa.

Mwisho wa mwezi ukafika na ripoti zake. Ripoti kadhaa nzito zilianza karibu kwa wakati mmoja, kila moja ina maunganisho ya majedwali makubwa, kila moja inapewa prosesi wasaidizi za kuigawa kazi. Kwanza mashine ikawa nzito kiasi kwamba hata kuingia kwa ssh ilikuwa shida, diski zinasoma kwa nguvu zote japo swapu haipo. Halafu kwenye logi ya keneli ikatokea ile habari ya OOM (kumbukumbu imeisha, keneli inaua prosesi ili kupata nafasi), prosesi moja ya postgres imeuawa, na kwenye logi ya Postgres ukatokea ule mstari wa "terminated by signal 9: Killed" ukifuatiwa na taarifa kwamba prosesi nyingine zote nazo zinasimamishwa. Koneksheni zote 300 na kitu zikakatika kwa mpigo, programu zikaanza kupokea jibu kwamba databesi iko kwenye hali ya kujirejesha, na ilichukua dakika kadhaa mpaka logi za WAL, zinazotunza kila badiliko la data, zisomwe upya ndo huduma ikarudi.

Yaani kutoka kwenye uzito wa saa ya kwanza ya asubuhi, wakahamia kwenye kuzimika kabisa mchana wa mwisho wa mwezi.

## Kumbukumbu ilikuwa inaenda wapi

Baada ya hapo ndo walikaa kuhesabu, na kwa maoni yangu kazi halisi ya kisa hiki imeanzia hapa, mengine yote ya juu yalikuwa kubahatisha.

Walianza na zile 6 GB zilizopotea. VmSwap ya prosesi haihesabu kumbukumbu ya kushirikiana, inahesabu kurasa binafsi tu. Na shared_buffers za Postgres ni kumbukumbu ya kushirikiana. Walipofungua faili la smaps, linaloonesha kumbukumbu eneo kwa eneo, la prosesi moja ya postgres kwenye seva ya majaribio iliyorudishiwa swapu na kupigwa mzigo uleule, ule mstari wa eneo la kushirikiana, unaoonekana kwa jina la ajabu la /dev/zero (deleted), ulionesha ndiko kiasi kikubwa cha swapu kilikoenda. Kwa hiyo kilichokuwa kinatolewa RAM na kupelekwa diski ni kashe ya databesi yenyewe!

Ukishajua hilo, asubuhi inaeleweka. Keneli inaigawa kumbukumbu inayoweza kunyang'anywa kwenye mafungu mawili, kuna kurasa za mafaili ambazo ikizitupa inaweza kuzisoma tena kutoka kwenye faili, na kuna kurasa zisizo na faili nyuma yake ambazo ili kuzitoa lazima iwe na swapu. Wengi wanadhani shared_buffers iko fungu la kwanza kwa sababu free inaijumlisha kwenye safu ya buff/cache, ila kwa keneli iko fungu la pili, pamoja na kumbukumbu binafsi za prosesi. Sasa usiku watumiaji wamelala, shared_buffers haiguswi, af skripti ya bakapu inaingia kusoma 700 GB za mafaili kupitia kashe ya keneli. Keneli inaona kurasa za mafaili zinahitajika kwa wingi na kurasa fulani zisizo na faili hazijaguswa masaa, na swappiness 60 inairuhusu kuchukua pande zote mbili, basi inazisogeza kashe za databesi kwenda diski ili kupisha kashe ya mafaili ambayo bakapu inayasoma mara moja na kuondoka. Asubuhi watumiaji wanarudi, kila ukurasa wa 4 KB wanaougusa inabidi urudishwe kwanza. Na Postgres haijui chochote, yenyewe inaamini ukurasa uko kwenye kashe yake, kwa hiyo hata takwimu zake za kashe zilikuwa zinaonesha kila kitu kiko sawa.

Amri ya vmstat ingewaonesha hili mapema. Safu ya so (kurasa zinazoenda swapu) ilikuwa inapanda usiku wakati wa bakapu, na safu ya si (zinazorudi kutoka swapu) ilikuwa inapanda asubuhi, masaa kadhaa baadaye. Walikuwa wanatazama asilimia ya swapu iliyotumika tu, na asilimia haisemi lini wala inaelekea wapi.

Kitu cha pili ndo kilichowashangaza zaidi. Kwenye /proc/meminfo kuna mstari unaitwa PageTables ambao watu wanaupita tu. Pale ulikuwa unasoma zaidi ya 8 GB. Hizo sio data, sio kashe, ni majedwali ya kurasa, yaani orodha ambayo kila prosesi inakuwa nayo ya kuonesha ukurasa gani uko wapi kwenye RAM. Hesabu yake ni rahisi: ukurasa ni 4 KB, shared_buffers ni 16 GB, hizo ni kurasa milioni 4 na ushee, kila moja inachukua baiti 8 kwenye jedwali, jumla 32 MB. Ila Postgres ni prosesi moja kwa kila koneksheni, na kila prosesi ina jedwali lake, kwa hiyo koneksheni iliyokaa wazi muda mrefu mpaka ikagusa karibu kashe yote inabeba 32 MB zake. Zidisha kwa 300 unapata zaidi ya 9 GB. Na hizi keneli haiwezi kuzipeleka swapu hata ikitaka. Kikulacho ki nguoni mwako, zile koneksheni zilizokaa tu kila mtu akisema hazina madhara ndo zilikuwa zinakula sehemu kubwa ya mashine.

Na kwenye OOM kulikuwa na jambo jingine. Prosesi iliyouawa haikuwa ya ripoti hata moja, ilikuwa koneksheni ya kawaida ya programu, ya zamani. Keneli inapochagua wa kuua inaangalia ukubwa wa prosesi, na kwenye ukubwa inahesabu kumbukumbu ya kushirikiana aliyoigusa pamoja na majedwali yake ya kurasa, kwa hiyo mkongwe aliyegusa kashe nzima anaonekana ana 16 GB wakati zake binafsi ni megabaiti chache. Angeuawa peke yake RAM isingerudi kwa kiasi cha maana. Kilichoirudisha ni kwamba Postgres ikiona mwenzao kafa kwa ishara 9 haiamini tena kumbukumbu ya kushirikiana, inawasimamisha wote na kuanza upya.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kurudisha swapu, na ulileta mabishano. Wapo waliosema seva ya databesi haitakiwi kuwa na swapu hata kidogo. Hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba kuzima swapu hakuzuii keneli kutoa kurasa nje, kunaipunguzia tu machaguo, inabaki na kurasa za mafaili peke yake, na humo ndani kuna hata msimbo (code) wa programu zinazotembea, ndo maana siku ya OOM ssh ilikuwa haiingiliki na diski zinasoma kama kichaa. Wakarudisha 8 GB ileile, vm.swappiness wakaiweka 10. Kuna aliyetaka 0, ila toka keneli 3.5 maana ya 0 ni kwamba kurasa zisizo na faili haziguswi mpaka hali iwe mbaya kwelikweli, na wakaona hiyo ni kurudi kulekule kwa njia nyingine.

Wa pili, na kwa tathmini yangu ndo uliobeba kisa kizima, ni kurasa kubwa. Kwenye mashine za x86-64 ukurasa mkubwa wa kawaida ni 2 MB badala ya 4 KB. Ukiziweka shared_buffers humo mambo mawili yanatokea kwa pamoja: majedwali ya kurasa yanasinyaa, maana 16 GB sasa ni kurasa 8,192 tu, sawa na 64 KB kwa kila prosesi badala ya 32 MB, na pia kurasa hizo haziendi swapu kabisa, zimekaa. Yaani tatizo la asubuhi na tatizo la mwisho wa mwezi yote yanapigwa na setingi moja.

Lakini mara ya kwanza iliharibika. Waliweka vm.nr_hugepages 8192, wakaiwasha Postgres upya, ikawaka bila neno, wakafurahi. Baada ya nusu saa mashine ikawa na hali mbaya kuliko mwanzo. Kumbe eneo la kushirikiana la Postgres sio shared_buffers peke yake, kuna maelezo ya kila bafa, kuna kufuli, kuna bafa za WAL na vinginevyo, kwa hiyo 16 GB kamili hazitoshi, na huge_pages, setingi ya Postgres ya kutumia kurasa kubwa, ilikuwa kwenye try kama inavyokuja. Try maana yake ikishindikana tumia kurasa za kawaida na usiseme kitu. Basi 16 GB zikawa zimefungiwa kwenye kurasa kubwa ambazo hakuna anayezitumia, na Postgres ikachukua 16 nyingine za kawaida pembeni. Dalili ilikuwa kwenye meminfo, HugePages_Free ilikuwa sawasawa na HugePages_Total.

Wakarekebisha kwa kuiuliza Postgres yenyewe. Toka toleo 15 ukiandika SHOW shared_memory_size_in_huge_pages inakupa idadi inayotaka, na pale ilitoa zaidi ya 8,300. Wakaweka hiyo na nyongeza kidogo, wakaiandika kwenye faili la sysctl, lenye setingi za keneli, ili itengwe mashine inapowaka, maana ukizitenga wakati seva imeshatembea wiki nyingi RAM inakuwa imekatikakatika vipande na keneli inaweza kukupa pungufu ya ulizoomba bila kelele. Mwisho wakabadilisha huge_pages kuwa on, ili siku zikikosekana Postgres ikatae kuwaka, isiendelee kimyakimya. Wapo wanaoogopa on kwa sababu hiyohiyo. Mi naona databesi inayokataa kuwaka mbele ya mtu aliyeiwasha ni nafuu kuliko ile inayokubali halafu inakuangusha baada ya nusu saa.

Wa tatu ulikuwa work_mem. Watu wengi wanaisoma kama kikomo cha koneksheni moja, kumbe ni kikomo cha hatua moja ya upangaji au ya hashi ndani ya ulizo, na toka toleo 15 hatua za hashi zinaruhusiwa mara mbili ya hapo kwa sababu hash_mem_multiplier imekuwa 2. Kwa 64 MB maana yake hatua moja ya hashi inaweza kufika 128 MB, ulizo la ripoti linaweza kuwa na hatua tano sita, na kila prosesi msaidizi ana hesabu yake. Wakaishusha ya jumla mpaka 16 MB, af mtumiaji wa ripoti akapewa 64 zake peke yake kwa ALTER ROLE.

Wa nne ulikuwa vm.overcommit_memory kuwa 2, yaani keneli isikubali kuahidi kumbukumbu kuliko kikomo, ili prosesi inayozidisha inyimwe na ipate kosa la kawaida badala ya mtu kuuawa baadaye. Walianzia seva ya majaribio yenye RAM 32 GB isiyo na swapu, baada ya yale majaribio ya smaps swapu yake ilikuwa imeshatolewa, na ikawagomea: koneksheni mpya zinakataliwa kwa kosa la kukosa kumbukumbu wakati free inaonesha nafasi kibao. Sababu ni overcommit_ratio ambayo inakuja ikiwa 50. Kikomo ni RAM toa kurasa kubwa, mara asilimia hiyo, jumlisha swapu, kwa hiyo pale, kurasa kubwa zikiwa zimechukua kama 8 GB, ilikuwa kama 12 GB tu, na wakala wa kufuatilia aliyeandikwa kwa Java alishachukua ahadi ya 4 GB peke yake kwa hipu (eneo lake la kumbukumbu) ambayo hata haitumii yote. Kwa seva kubwa wakaweka ratio 80, ambayo inatoa kikomo cha kama 46 GB pamoja na swapu, na hipu ya wakala wakaipunguza. Hapa utaona swapu ina kazi nyingine kabisa: hata isipoguswa inaingia kwenye hesabu ya ahadi, ukiizima kwenye hali ya 2 unajikatia kikomo mwenyewe.

Mengine madogo yalipita haraka. vm.dirty_background_bytes na vm.dirty_bytes ziliwekwa 256 MB na 1 GB badala ya zile asilimia 10 na 20, kwa sababu asilimia 20 ya mashine kubwa ni gigabaiti nyingi za kurasa chafu, yaani zilizobadilishwa RAM na bado hazijaandikwa diski, kumwagwa kwa mkupuo. Kurasa kubwa za kujitengeneza zenyewe, zile za transparent_hugepage, zilizimwa kwa tahadhari tu, sio kwamba kuna ushahidi zilihusika. Postmasta, prosesi mama ya Postgres, akawekewa oom_score_adj ya kumlinda asiuawe na OOM, na watoto wake wakarudishwa kwenye 0 kwa kutumia PG_OOM_ADJUST_FILE ili wasirithi kinga ya mzazi.

Na mwisho kabisa, wiki kadhaa baadaye, skripti ya bakapu ikahamishiwa kwenye kikundi chake cha systemd (msimamizi wa huduma za Linux) chenye MemoryHigh, kikomo cha kumbukumbu, ya 2 GB. Kashe ya faili inahesabiwa kwa kikundi kilicholisoma kwanza, kwa hiyo bakapu ikifika 2 GB inaanza kutupa kurasa zake yenyewe, haisukumi za wengine.

## Matokeo

PageTables ilishuka toka zaidi ya 8 GB mpaka megabaiti mia kadhaa. Malalamiko ya asubuhi yaliisha. Mwisho wa mwezi uliofuata ripoti zilipita zote, na baada ya hapo kuna ripoti moja iliwahi kuanguka na kosa la kukosa kumbukumbu, ikaanguka peke yake, koneksheni nyingine hazikujua hata kama kuna kitu kimetokea, na hivyo ndivyo hali ya 2 ilivyokusudiwa ifanye. Baadhi ya ripoti zimekuwa za polepole kidogo.

Swapu bado inatumika, kama 1 GB hivi imekaa humo, na kila mgeni anayefungua grafu anauliza. Kilichomo hakirudi RAM, ile safu ya si ya vmstat iko sifuri siku nzima, ni kurasa ambazo prosesi ziliziandika zikiwa zinawaka na hazijazihitaji tena. Kengele ya tahadhari haiangalii tena asilimia ya swapu, inaangalia kasi ya kurudi kwa kurasa na ile /proc/pressure/memory inayoonesha ni sehemu gani ya muda prosesi zilikuwa zimekwama kusubiri kumbukumbu.

## Uchambuzi

Kuzima swapu kulifanya kazi, na hapo ndo mtego. Kuliondoa dalili bila kuondoa chanzo, na kwa sababu dalili iliondoka hakuna aliyerudi kwenye zile 6 GB zisizo na mwenyewe. Namba mbili zinazopaswa kulingana zikikataa kulingana kwa tofauti ya mara saba, hiyo sio tabia ya keneli, hiyo ni taarifa. Ingefuatwa siku ile, shared_buffers ingeonekana kabla ya mwisho wa mwezi na OOM isingetokea.

Mpangilio wa hatua nao haukuwa mzuri. Kikundi cha bakapu kilikuja mwisho wakati ndicho cha bei rahisi kuliko vyote, hakihitaji kuwasha databesi upya, mistari miwili ya systemd, na kwa jinsi tatizo la asubuhi lilivyokuwa naamini kingelimaliza chenyewe. Kisingegusa majedwali ya kurasa wala ripoti, hiyo ni kweli, lakini kingewapa nafasi ya kupumua wakati wanachunguza hayo mengine bila kelele za watumiaji. Kwa nini hakikufikiriwa mapema? Nadhani kwa sababu kila mtu alikuwa anaitazama databesi, na bakapu ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, haina kosa hata moja kwenye logi yake.

Swappiness na setingi za kurasa chafu vilibadilishwa usiku mmoja na kurasa kubwa zilizorekebishwa. Matokeo yalikuwa mazuri, lakini huwezi kusema swappiness 10 ilichangia nini, na nina wasiwasi kwamba haikuchangia sana. Ukishaweka shared_buffers kwenye kurasa kubwa kinachobaki cha kupeleka swapu ni kumbukumbu binafsi za prosesi tu, ambazo pale zilikuwa gigabaiti chache. Ajabu ni kwamba ndani ya ile kampuni kisa hiki kinasimuliwa kama kisa cha swappiness, kwa kuwa ndo neno ambalo watu wanalijua. Mtu akichukua hiyo 10 akaipeleka kwenye seva yake akaacha koneksheni 300 na kurasa za 4 KB, PageTables yake itabaki vilevile.

Koneksheni zenyewe hazijapungua. Mpango ulikuwa kuweka PgBouncer, programu inayowagawia wateja wengi koneksheni chache, katikati, lakini programu zao zinategemea vitu vinavyokaa ndani ya sesheni, kwa hiyo hali yake ya muamala, ambayo koneksheni inapewa mwingine kila muamala unapoisha, ingewavunjia baadhi ya mambo, na kurasa kubwa zilipoondoa maumivu, haraka ya kuiweka ikaisha. Ninaelewa kwa nini, ila prosesi 300 bado zina kashe zao binafsi za katalogi (maelezo ya majedwali yaliyomo) ambazo zinakua kadiri koneksheni inavyozeeka, na hizo hamna ukurasa mkubwa utakaozipunguza.

Kuhusu huge_pages kuwa on, gharama yake ilishajionesha mara moja. Miezi baadaye shared_buffers ilipandishwa mpaka 20 GB bila mtu kugusa vm.nr_hugepages, Postgres ikagoma kuwaka na ule ujumbe wa "could not map anonymous shared memory". Aliyekuwa zamu aliusoma, dokezo lililofuata chini yake linataja kurasa kubwa kwa jina, akairudisha 16 huduma ikawaka ndani ya dakika chache. Mabadiliko yakafanywa upya usiku mwingine, nr_hugepages kwanza, overcommit_ratio ikapigiwa hesabu upya kwa sababu kurasa kubwa zikiongezeka kikomo cha ahadi kinashuka, halafu ndo shared_buffers.